Nuksi si Bwana Wetu

Kariakoo huamka mapema. Kabla jua halijapanda, magari yamekwisha kushusha matunda na mboga, wachukuzi wamekwisha kujitwika marobota, na mitaa ya Congo, Msimbazi na Narung'ombe yajaa watu waliotoka kila mkoa wa nchi yetu, na wengine waliovuka mipaka kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro kuja kununua bidhaa. Ni mahali pa watu wenye akili kali. Mfanyabiashara wa Kariakoo hushika kitambaa kwa vidole viwili tu, akakutajia ubora wake na bei yake.

Walakini mtu huyu mwenye akili, afikapo kizingitini pa duka lake, mara nyingi hugeuka kuwa mtumwa. Hunyunyiza chumvi ya mawe mlangoni kabla ya kufungua. Chini ya droo ya fedha ameficha kijikaratasi alichopewa na mganga. Mteja wa kwanza akiomba kukopeshwa hufukuzwa kwa maneno makali, ati ataleta mkosi wa siku nzima. Akijikwaa kwa mguu wa kushoto, moyo humwenda mbio. Jicho likimcheza, hungoja habari ya msiba. Usiku bundi akilia juu ya paa, nyumba nzima hunyamaza, kila mtu akiuliza moyoni mwake ni nani atakayekufa. Na wengi wa watu hao ni Wakristo. Dominika huja kanisani, husali Nasadiki kwa sauti kubwa, kisha Jumatatu asubuhi humwogopa paka mweusi.

Wapendwa wasomaji, juma hili twataka kusema waziwazi juu ya jambo hili. Hatusemi ili kumcheka mtu. Aliye na mtaji mdogo, kodi ya pango, na watoto wanne wanaongoja ada ya shule, ana sababu za kuogopa, na mtu mwenye hofu hushika lolote lililo karibu naye. Ndiyo maana yatupasa kumwonyesha kwamba hicho alichokishika hakimsaidii, bali chamwumiza yeye, na mara nyingi chamwumiza jirani yake zaidi.

Kwanza tuulize: ushirikina ni nini? Neno lenyewe latufundisha. Ni kumshirikisha Mungu, yaani kumpa mwenzi, kana kwamba peke yake hatoshi kuutawala ulimwengu. Anayesema kwamba bundi aweza kuleta kifo, au kwamba noti ya mteja wa kwanza yaweza kufunga riziki ya siku, ampa bundi na noti uwezo alio nao Muumba peke yake. Kwa sababu hiyo Kanisa lauhesabu ushirikina kuwa kosa dhidi ya Amri ya Kwanza. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 18, chakataza kabisa kupiga ramli na kutazama bao. Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, aziweka ramli na ndoto katika fungu moja la mambo matupu. Naye Mtakatifu Paulo aliwakemea Wagalatia waliokwisha kumjua Mungu, kisha wakarudi kuwa watumwa wa kuhesabu siku na miezi. Hata jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika mitaa ya Kariakoo, wafundishwa katika dini yao kwamba kuamini ndege mbaya ni makosa. Basi mtu asituambie kwamba ushirikina ni mila ya pwani, au kwamba ni desturi ya dini fulani. Ni ugonjwa wa moyo wa binadamu, na huonekana katika kila kabila na kila zama.

Tena ni ugonjwa wa siku nyingi. Miaka 1,600 iliyopita, Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, Askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliwaandikia Wakristo wake juu ya mambo haya haya. Alikuta watu waliokanyaga kizingiti kwa hofu. Wengine walirudi kitandani kwa kuwa mtu alipiga chafya walipokuwa wakivaa viatu. Wengine walirudi nyumbani kwa kuwa walijikwaa njiani. Akawakumbusha habari za Mrumi mmoja wa kale, jina lake Cato. Mtu mmoja alimwendea Cato akiwa na wasiwasi, akamwambia kwamba panya wametafuna viatu vyake, naye ataka kujua ni ishara ya jambo gani. Cato akamjibu kwamba hilo si ajabu. Ajabu ingekuwa kama viatu vingaliwatafuna panya. Augustino aliongeza jambo la hekima: mtu aliyetafuniwa nguo na panya huogopa baya lijalo kuliko kuihuzunikia hasara iliyokwisha kumpata. Angalieni neno hilo, maana ndiko kuna kiini cha maneno yetu. Anayetazama ishara haioni hasara yenyewe, wala hamtafuti panya.

Tuchukue mfano unaojulikana sana Kariakoo, imani iitwayo chuma ulete. Husemwa kwamba wako watu wenye noti za uganga. Mmoja wao huja dukani, hununua kitu kidogo, hutoa noti, hupewa chenji. Akiondoka, fedha zote zilizomo katika droo humfuata. Jioni mwenye duka huhesabu, akaona upungufu, akasema, "Leo nimepigwa chuma ulete." Kesho yake huanza kuwatazama wateja kwa jicho la shaka, hasa bibi kizee, au mgeni, au mtu aliyevaa vibaya.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme muuza vitenge auza kwa siku vitu vya shilingi 200,000, na faida halisi humo ni shilingi 30,000. Jioni atoa katika droo nauli, chakula cha nyumbani, mchango wa harusi na marejesho ya mkopo, jumla shilingi 45,000. Haandiki popote. Kila siku atoa shilingi 15,000 zaidi ya faida yake, nazo zatoka katika mtaji. Akifungua duka siku 26 kwa mwezi, shilingi 390,000 zimekwenda. Rafu zaanza kuwa tupu, naye hajui kwa nini. Ni nani aliyezichukua? Amezichukua mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akazila pamoja na watoto wake. Ongezeni hapo chenji iliyokosewa wakati wa msongamano, noti bandia iliyopokelewa bila kutazamwa, deni la rafiki lisiloandikwa, na kijana wa dukani ambaye hulipwa kidogo na kujilipa mwenyewe. Hao ndio wachawi wa droo. Dawa yao ni daftari la shilingi chache na kalamu ya wino. Lakini aliyekwisha kuamini chuma ulete hatanunua daftari. Atakwenda kwa mganga. Huko atatoa fedha nyingine, na upungufu wake utazidi.

Wengine husema, "Tatizo si droo, mahali penyewe pana nuksi. Fremu hii imewafilisi watu watatu." Twawajibu kwa historia ya Kariakoo yenyewe. Jina hili latokana na neno la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, mahali hapa palifanywa kambi ya wachukuzi hao, Waafrika waliobeba vyakula na risasi za majeshi kwa vichwa vyao, wakipita misituni na matopeni. Katika vita ile wachukuzi walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu, na walio wengi kati yao hawana kaburi linalojulikana. Kama mahali pangeweza kulaaniwa kwa sababu ya mateso ya watu, ni mahali gani pangestahili kuliko hapa penye jina lao? Na bado Kariakoo imelisha mji mzima na kusomesha watoto wa nchi nzima. Udongo hauna kinyongo. Fremu iliyowafilisi watu watatu yafaa kuulizwa maswali mengine: kodi yake ni kiasi gani? Yatazama njia gani? Jirani zake wauza bidhaa gani?

Sasa twafika penye uzito. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu la Kariakoo, jengo lile maarufu lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Watu wengi walipoteza katika usiku mmoja mali waliyoikusanya kwa miaka mingi. Kisha, asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya maduka, wateja na wachuuzi wakiwa ndani. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa, wengine kwa mikono mitupu, wakiwapenyezea maji na hewa waliokuwa hai chini ya kifusi. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, na zaidi ya 25 walikufa. Twawaombea marehemu hao pumziko la milele, na majeruhi faraja.

Msiba mkubwa ukipita, vinywa hufunguka. Huyu husema mahali palihitaji kafara. Yule husema marehemu walikuwa na kisirani. Wa tatu husema aliota ndoto juma moja kabla. Bwana wetu Yesu Kristo aliyajua maneno ya namna hii. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye, akijua walivyofikiri mioyoni mwao, akawakumbusha msiba mwingine: mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Akawauliza kama walidhani kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Na papo hapo akawageuzia neno wao waliokuwa hai: watubu.

Tazameni jinsi Bwana wetu alivyofanya. Hakutafuta ishara katika mawe ya mnara. Hakuwapa marehemu lawama yoyote. Aliwaondolea watu fumbo la nuksi, akawaachia wajibu. Vivyo hivyo mitume walipomwuliza juu ya kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake, kisha akamponya. Walimtafuta mkosaji, naye alimtazama mgonjwa.

Nasi tufuate njia hiyo. Jengo husimama kwa msingi, nguzo, nondo na saruji iliyopimwa. Husimama kwa uaminifu wa fundi asiyepunja mchanganyiko, wa mwenye nyumba asiyeongeza ghorofa pasipo kibali, na wa mkaguzi asiyefumbwa macho kwa bahasha. Soko huokoka na moto kwa nyaya zilizofungwa vema, njia zisizozibwa kwa mizigo, na vizima moto vilivyo tayari. Baada ya msiba wa mwaka 2024 Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na hiyo ndiyo njia ya watu wenye akili na wenye kumcha Mungu. Kama tungelisema, "Ni nuksi tu," nani angekagua nguzo? Nuksi ni jina zuri sana kwa mtu aliyefanya vibaya kazi yake, maana nuksi haishtakiwi mahakamani. Kila tunapoitaja mahali ambapo uzembe ungetajwa, twamfungulia mlango mzembe atoroke, na twauacha mnara mwingine uanguke.

Ushirikina una tunda jingine lililo chungu kuliko hilo. Anayeamini kwamba mabaya yake yametumwa, hawezi kukaa bila kumtafuta aliyeyatuma. Atamtafuta wapi? Karibu: kwa mke mwenza, kwa shangazi, kwa jirani mpweke. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa bibi vizee wengi wameuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundu kwa sababu ya moshi wa jiko walikopikia watoto na wajukuu kwa miaka hamsini. Na tangu mwaka 2007 nchi yetu imetiwa aibu mbele ya ulimwengu kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, waliokatwa viungo kwa kuwa waganga waliwaahidi watu utajiri. Serikali ilipiga marufuku kazi za waganga mwezi Januari 2009; Umoja wa Mataifa ukatenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino. Na bado, mwaka 2024, mtoto mdogo mwenye ualbino, ambaye hata miaka mitatu hakuitimiza, aliuawa wilayani Muleba, mkoani Kagera.

Msomaji atasema, "Mimi hunyunyiza chumvi tu; sijamwua mtu." Twakubali, na twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tuwe wakweli: biashara ya damu yaishi kwa soko. Mganga aliyebandika tangazo lake katika nguzo ya umeme, akiahidi mvuto wa biashara, ategemea watu wema wengi wanaoamini kidogo, ili apate wachache wanaoamini sana. Fedha ya chumvi na fedha ya damu huingia katika mfuko mmoja.

Tena wako wasemao, "Lakini yametokea kweli. Bundi alilia, na babu akafa." Ndiyo, babu alikufa. Lakini ni usiku mingapi bundi alilia na hakuna aliyekufa? Hizo hatuzihesabu, kwa kuwa hapakutokea jambo la kukumbukwa. Bundi hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Mwenye ghala akimsikia juu ya paa, afurahi, maana amepata mlinzi asiyedai mshahara. Na jicho linalocheza laomba usingizi.

Wengine hutuambia, "Hayo tumeachiwa na wazee." Wazee wetu twawaheshimu. Katika makatazo yao yako yenye akili. Kukataza kushika sindano usiku kulifaa katika nyumba yenye kibatari, ambapo sindano ikianguka mkekani yaweza kumchoma mtoto. Kukataza kutupa taka usiku kulifaa, maana gizani mtu aweza kutupa shilingi pamoja na vumbi. Tuishike akili ya wazee, tuiache hofu. Wala hatukatazi mitishamba. Mizizi na majani ni viumbe vya Mungu, na tiba asili ina sheria yake nchini tangu mwaka 2002. Tunachokataa ni ramli, hirizi na kafara. Dawa humtibu mgonjwa. Ramli humtaja jirani.

Na sisi tulio ndani ya Kanisa tusijidhani kuwa salama. Wako wanaotundika rozari katika gari isiyo na breki. Wako wanaonyunyiza maji ya baraka dukani kama vile walivyonyunyiza chumvi jana, bila sala, bila toba, na mizani yao ikiwa bado ya udanganyifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yaonya juu ya jambo hili: hata ibada ya kweli yaweza kuingiwa na ushirikina, mtu akitegemea alama ya nje tu na kuacha moyo inaoudai. Medali si hirizi iliyobatizwa. Ni ukumbusho wa ahadi. Avaaye msalaba amekubali kuishi kama Msulibiwa, hajanunua bima.

Basi tufanye nini? Ninyi wenye maduka, mpokeeni mteja wa kwanza kwa salamu njema, na kama hamkopeshi, mwambieni kwa upole, bila kumwita mkosi. Wekeni daftari. Lipeni vijana wenu ujira wa haki. Kagueni nyaya zenu, na mwenye jengo akikataa kurekebisha nguzo yenye ufa, semeni kwa sauti, mwende mbele ya wenye mamlaka. Ninyi akina baba, mtoto akifa au mali ikipotea, zuieni ukoo usiende kupiga ramli. Hapo ndipo imani ya mwanamume hupimwa. Ninyi akina mama, msiwatishe watoto kwa bundi na paka. Mtoto aliyelelewa kwa hofu ataitafuta hofu hata akiwa na shahada. Ninyi viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, mtembeleeni bibi anayenong'onwa kuwa mchawi, kaeni naye, kuleni chakula chake mbele ya macho ya mtaa. Tendo hilo moja laweza kuokoa uhai.

Na aliye na kitu alichokificha chini ya droo, akitoe. Matendo ya Mitume, sura ya 19, yatusimulia kwamba Waefeso walipoamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani. Thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Hawakuviuza kwa wengine. Walikubali hasara, wakapata uhuru. Aje na kwa padre katika Sakramenti ya Kitubio, asione haya. Hatakuwa wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho.

Bwana wetu ni mmoja. Hakuikabidhi riziki yetu kwa noti ya mteja, wala siku ya kufa kwetu kwa ndege wa usiku. Ametupa akili ya kuhesabu, mikono ya kujenga vema, na jirani wa kumpenda. Tukivitumia hivyo vitatu, misiba haitakwisha duniani, maana hakutuahidi hilo. Lakini itakapokuja itatukuta tukichimba pamoja chini ya kifusi, wala hatutakuwa tumesimama kando tukinyoosheana vidole.